Kiwanja Nilichokinadi Msibani Kwako

Mwantumu, mtumwa wangu,

Sikusalimii. Tangu lini mimi na wewe tukasalimiana kama watu wenye adabu? Wewe Mzaramo, ukisikia ngoma unaacha chungu kinaungua, umelala vya kutosha. Nina maneno, na huku sina mwingine wa kumwambia.

Leo ni siku ya tatu nimekaa na kalamu. Miaka yote niliyofundisha darasa la pili niliwaambia watoto kwamba barua huanza na anwani, juu, upande wa kulia. Yako sikujua niandike nini. Nimepaacha patupu.

Nikuambie kwanza lililo zito. Kiwanja chako kimekwisha. Pale mbele ya nyumba yako, kuanzia barazani hadi barabarani, limesimama duka. Minimaketi, ndivyo wanavyoliita. Lina milango ya vioo inayofunguka yenyewe, na taa nyeupe zinazowaka mchana kweupe, na ukipita tu karibu ubaridi unakupiga usoni. Aliyeuza ni mwanao Shaweji, na dada zake wakaweka saini. Karatasi zote ni halali, nimeambiwa. Lakini aliyekiuza kiwanja kile mara ya kwanza ni mimi, na ndiyo maana nakuandikia.

Usicheke. Najua ungecheka.

Unakumbuka siku niliyofika Mwananyamala? Nimetoka Tabora, nina mimba ya mapacha, nimejitwika godoro kichwani, mume wangu yuko nyuma na sanduku, tunatafuta chumba cha kupanga. Ulikuwa umekaa barazani unakuna nazi. Ukatutazama kuanzia juu hadi chini, ukauliza, "Nyie kabila gani?" Mume wangu akajibu kwa heshima zote kwamba sisi ni Wanyamwezi. Basi uliinuka, kifuu mkononi, ukapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Wapagazi wangu wamefika! Mizigo yangu iko wapi? Mlichelewa wapi, wala michembe ya viazi nyie?" Mume wangu alishtuka, akataka tuondoke. Mimi, niliyekuwa na njaa na woga wa mji, nilihisi nimefika kwetu. Nikakujibu kwamba mizigo yako tumeiuza njiani kwa sababu mwenyewe alikuwa ngomani. Chumba tulikipata siku hiyo hiyo, na chakula cha jioni pia.

Siku hizi wengi hawajui. Wakisikia Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana hivyo wanadhani ni ugomvi, wanatafuta mtu wa kusuluhisha. Hawajui kwamba mtani hakasirikiwi, na kwamba kazi yake kubwa ni siku ya msiba, pale ndugu wameloa machozi na hakuna anayethubutu kutabasamu. Hilo wewe ulilijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Mume wangu alipofariki, turubai lilifungwa kiwanjani kwako. Lingefungwa wapi kwingine? Nyumba za mtaa wetu zimebanana, ukikohoa chumbani jirani anakupa pole. Misiba yote, ya Waislamu na ya Wakristo, maulidi, ubatizo, kumtoa mwali, vyote vilifanyika pale, na sikuwahi kusikia umemwambia mtu hapana. Siku jeneza lilipoletwa, wewe ulitokea ndani umevaa koti la marehemu na kofia yake ya kwendea kanisani. Ukakaa kwenye kiti chake, mbele ya jeneza lake, ukakunja nne, ukasema kwa sauti yake ile ya puani, "Sitoki hapa. Uji wa leo haukuwa na sukari." Mwantumu, nilicheka. Nilikuwa sijala siku mbili, nimekauka, sina hata chozi. Nikacheka, na kicheko kikanifungulia kilio, nikalia vizuri kwa mara ya kwanza. Padri mwenyewe alificha uso nyuma ya kitabu chake.

Baadaye, tukiosha masufuria, uliniambia, "Mie nikitangulia, usije kunililia kama mjinga. Nitanie. Ukininyamazia sikusamehi." Nikaapa kwamba nitafanya. Hatukujua tunaapa nini.

Basi nilitimiza. Siku yako nilivaa khanga yako ya kila siku, nikafunga kilemba kama chako, nikatembea ule mwendo wako wa nyonga inayouma. Wanao walikuwa wamelegea kwenye mikeka, walikuwa hawawezi hata kunywa maji. Wanaume walipotaka kulitoa jeneza nikasimama mlangoni, nikatanua mikono. Nikasema hapiti mtu, huyu ni mtumwa wangu, na mali yake ni yangu, na leo nainadi. Nikaanza kukinadi kiwanja. "Nani ananipa kuku? Mwenyewe kanyamaza, maana yake kaafiki!" Fundi Omari, yule jirani yako mshona nguo, ambaye miaka yote alipenda kuonekana mtu wa maana, akapaza sauti kutoka nyuma, "Kuku na cherehani bovu!" Watu waliangua kicheko. Binti yako mkubwa alicheka mpaka akajifunika uso. Nikamwona, nikajua kazi yangu inafanyika.

Kulikuwa na kijana mmoja amevaa shati lililonyooshwa, anafanya kazi pamoja na Shaweji kule Kurasini, kwenye yadi ya makontena. Alikuwa ananirekodi na simu. Akaniuliza kwa upole, "Mama, kwani hicho kiwanja kinaishia wapi?" Na mimi nimeshanogewa. Nilimshika mkono, nikampimia kwa hatua kuanzia barazani hadi barabarani, nahesabu kwa sauti na wanawake wananiitikia. Tulipofika mwisho nikampigapiga mgongoni. "Chukua, mwanangu," nilisema. "Jenga hata duka."

Hata duka. Neno hilo nililitoa mimi, kwa mdomo wangu huu.

Waliolijua jambo walijua. Yule kijana kazaliwa mjini, kakulia mjini, hakuna aliyewahi kumwambia mtani ni nani. Aliona bibi mmoja ambaye hayuko sawa sana kichwani, na kiwanja ambacho hakina kazi. Shaweji aliniambia baadaye kwamba waliporudi kazini yule kijana alimuuliza, "Kama kile kiwanja kinauzwa kweli, mie namjua mtu." Shaweji akamjibu kwamba ule ulikuwa utani tu. Lakini wazo likawa limeshaingia, na nyumba yako ilikuwa inavuja, na dada zake wana watoto wa kusomesha, na kazi ya yadini leo ipo kesho haipo. Mwanao si mtu mbaya, Mwantumu. Naomba usimlaani. Nakujua wewe na ulimi wako.

Baada ya arobaini yako alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. "Shikamoo, mama mdogo." Nikamwandalia chai. Akaizungusha kikombeni, hakuinywa, akasema, "Mama mdogo, kiwanja kimekaa tu." Nikamwambia hakijakaa tu, kila mtu wa mtaa huu ana siku yake pale. Akasema, "Ndiyo. Kinakaa kinasubiri watu wafe."

Mtaa ulipopata habari uliwaka moto. Fundi Omari, yule aliyetoa cherehani bovu mnadani, ndiye aliyesimama mbele. Hakuwa na karatasi, kwa hiyo majina ya wanaopinga aliyaandika kwenye daftari lake la vipimo, na jina langu likaangukia chini ya kiuno cha mke wa mwenyekiti wa mtaa. Mangi wa duka la kona alisaini wa kwanza, kwa herufi kubwa, na kila mtu alijua anachokitetea. Wengine walikuwa na sababu zao: wapi tutawalaza wageni wa misiba, wapi watapikia wanawake, magari ya mizigo yatapita wapi. Nyumba baada ya nyumba tulipita na lile daftari. Walikuwepo pia waliosaini asubuhi na mchana wakaulizia kama duka litataka wasichana wa kaunta. Siwalaumu sana.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, pale ofisi ya serikali ya mtaa. Viti vya plastiki, jua, watu wamejaa mpaka nje. Fundi Omari akasema nisimame mimi kwa sababu mimi ni mwalimu, nitayapanga maneno. Nilikuwa nimeyaandika. Nilianza vizuri. Nikasema kwamba watu wakikosa mahali pa kulia pamoja watalia kila mmoja chumbani kwake, na mtaa utabaki nyumba tu. Nikasema nilimzika mume wangu kutokea pale, na wewe pia. Hapo nikaanza kulia.

Nyuma kabisa mtu akasema, "Mnyamwezi kaanza!"

Kicheko kikapita. Si cha ubaya, nakuapia. Walikuwa wananipenda. Wamenizoea miaka yote, wameniona mara ngapi nikilia kilio cha uongo juu ya majeneza ya Wazaramo, nikijigaragaza, nikidai nirudishiwe mtumwa wangu? Machozi yangu mtaani hapa yalikuwa mchezo. Nikapiga kelele, "Leo sitanii!" Wakacheka zaidi, maana ndivyo mtani anavyosemaga siku zote. Mara mtu akaifungua ile video kwenye simu, kumbe ilikuwa imezunguka kwenye grupu la mtaa, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe, imenoga, ina furaha: "Chukua, mwanangu. Jenga hata duka." Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho. Akasema, "Jamani, mali ni ya wenyewe, na mtani wao ameshabariki." Mkutano ukafungwa hapo.

Shaweji hakucheka. Fundi Omari naye hakucheka. Alikunja daftari lake, akaliweka kwapani, akaondoka bila kuniaga.

Nilikaa ndani kwangu wiki nzima. Nilikuwa nakukasirikia wewe, ukitaka kujua. Wewe ndiye uliyesema nisikunyamazie.

Siku walipokuja kuchimba msingi nilikuwa nachambua mchele. Nilizisikia sururu. Nikakumbuka jambo moja. Kwetu Tabora mtani hushuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akakataa kutoka mpaka wafiwa wampe anachotaka. Wewe nilikukosa. Kwenu Waislamu wanawake hawafuati maiti makaburini, kwa hiyo kaburi lako sikulilalia, na jambo hilo lilikuwa limenikaa rohoni tangu siku ile. Niliweka ungo chini. Nilivuka barabara na kitenge changu cha jikoni, nikashuka kwenye mtaro wa msingi, pale karibu na baraza yako, nikalala.

Udongo ulikuwa wa baridi. Mafundi waliacha sururu. Watu wakaja, mmoja mmoja, wakasimama ukingoni. Mwanzoni walicheka, wakapiga picha. Mimi nilitazama juu tu, na kicheko kikaisha chenyewe. Mtu akampigia Shaweji. Alifika kutoka Kurasini na koti lake la kazi, lile lenye mistari inayong'aa, akachuchumaa juu yangu. Usoni alikuwa wewe mtupu.

"Mama mdogo, unataka nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe, Mwantumu. Ndivyo mfiwa anavyomuuliza mtani, na akishauliza lazima atoe. Nikafurahi. Nikasema, "Nataka upana wa turubai moja. Duka lijengwe, sikukatazi. Niachie upana wa turubai moja."

Alichukua donge la udongo, akalivunja mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama mdogo," akasema, "msiba umeisha."

Nilitaka nimtukane. Nilitaka niseme mimi ni mtani wa mama yake, ananikataliaje? Lakini alikuwa amesema kweli. Utani una siku zake. Mikeka ikishakunjwa, matanga yakianuliwa, mtani ni jirani tu kama majirani wengine. Nilikuwa nimelala kwenye mtaro wa watu, mwanamke mzima, mstaafu, nimechafuka. Shaweji alinipa mkono nikapanda. Akanipangusa udongo mgongoni, taratibu, kama unavyompangusa mtoto aliyeanguka. Kisha mafundi wakaendelea.

Sasa nikupe habari ya mwisho. Mwezi uliopita Fundi Omari alifariki. Presha. Aliamka, akakaa kwenye cherehani, akalala juu yake.

Turubai lake lilifungwa barabarani, nusu tu, kwa sababu nusu nyingine ilibidi iachwe magari yapite. Viti vilipangwa mstari mmoja kando ya mtaro wa maji machafu. Sheikh alikuwa anasoma dua, bodaboda inapita katikati inapiga honi, watu wanakunja magoti. Wanawake walimenya viazi pembeni ya ukuta wa duka, na mlinzi akaja kuwaambia, kwa adabu, wasiegemee vioo. Saa sita hivi nusu ya watu walikuwa wameondoka kwa jua. Fundi Omari, aliyependa kuonekana mtu wa maana, alisindikizwa na watu wachache kuliko mwizi.

Nilikuwa nimeapa sitaingia duka lile. Lakini sukari ya msiba iliisha, na Mangi alishafunga duka lake akarudi kwao, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Milango ikafunguka yenyewe. Nikaingia, nikajikuta nahesabu hatua. Miguu ilikumbuka. Nilipofika pale lilipowekwa jeneza lako nikasimama. Upande mmoja pana biskuti, upande mwingine sabuni. Katikati uko wewe, au mume wangu, sijui, wote mlilazwa hapo hapo.

Binti wa kaunta akaniuliza, "Unatafuta nini, mama?"

Sijui kilinipata nini. Nilikunja nne nikiwa nimesimama, nikabana pua, nikasema kwa sauti ile ile uliyomwiga nayo mume wangu, "Sitoki hapa. Uji wa leo haukuwa na sukari."

Akanitazama vizuri. Ni mtoto mwenye adabu, sina neno naye. Akasema, "Sukari ipo rafu ya pili, mama, mkono wa kushoto."

Nikaichukua, nikatoka.

Nisamehe, Mwantumu. Nilitimiza kiapo chako, na kwa kukitimiza nikakiuza kiwanja chako. Nimejaribu kujiambia kwamba kingeuzwa tu, kwamba kila mahali mjini hapa viwanja vinaisha, na huenda ni kweli. Lakini wewe ulikilinda kwa kumkubalia kila mtu, na mimi nilikitoa kwa sentensi moja ya kuchekesha. Usiku na mchana nimelia na hakuna anayeamini kwamba nalia. Hiyo ndiyo adhabu yangu, na nadhani imenitosha.

Kinachoniuma zaidi nitakuambia wewe peke yako. Siku yangu nani atasimama mlangoni? Mzaramo wangu amelala. Hawa waliobaki watanililia kwa heshima, watasema marehemu alikuwa mwalimu mzuri, watanizika kimya.

Basi nimeamua. Nimewaita Kulwa na Doto, nimewaandikia kwenye karatasi ili wasije wakasema mama alikuwa anatania. Turubai langu lifungwe mbele ya duka lile, hata kama ni saa za biashara. Jeneza langu liwekwe pale pale milango inapofungukia, ili ishindwe kujifunga. Ifunguke, igonge, ifunguke tena, ule ubaridi wote utoke uende barabarani, mpaka mwenye duka aje mwenyewe aniulize nataka nini. Na wanangu wamjibu kwamba nataka upana wa turubai moja. Asiponipa sitoki. Siku hiyo hakuna atakayeweza kuniambia msiba umeisha.

Hilo nakuahidi, na safari hii sitanii.

Lala sasa. Nitakuja Ijumaa kufagia kaburi lako, siku hizi nakwenda peke yangu na hakuna anayenikataza. Na siku nikija kabisa, ukiniona kwa mbali, usinipokee vizuri. Inuka hapo barazani, kifuu mkononi, uwaite watu wote waliopo huko. Uniulize mizigo yako iko wapi, na nilichelewa wapi.

Mpagazi wako,
Mama Kulwa